Somo: Betri ya saa buku tatu, kwa nini nakutoza kumi?

Wanakikundi, habari za tangu juzi. Wiki hii nimeulizwa swali moja mara nne, tena kwa ile sauti ya mtu anayehisi anaibiwa: "Fundi, betri yenyewe wanauza buku tatu, hiyo kumi inatoka wapi?" Nimeona niandike mara moja, maana nikieleza mezani wengine wanasimama nyuma wamenuna.

Meza yangu iko Mwanjelwa, hapa Mbeya. Bei nitakazotaja ni zangu mimi. Jirani yangu ana zake, na ukienda Iringa au Njombe utakuta nyingine kabisa. Kwa saa ya mishale iliyoandikwa kuwa inahimili maji mita 50 au 100, hesabu yangu ni hii: betri shilingi 3,000, mpira wa mfuniko (ule wa kuzuia maji) 2,000, kupima kwa mashine ya hewa 3,000, mkono wangu 2,000. Anayetaka betri tu namfanyia kwa 5,000, ila namwambia kabisa kwamba kuanzia leo hiyo ni saa ya nchi kavu, akinawa aivue.

Sasa twende kazini.

Hatua ya 1. Hakikisha ni betri

Saa nyingi za mishale hutoa taarifa kabla ya kufa. Mshale wa sekunde unaacha kwenda moja moja, unaruka mbili mbili au nne nne kutegemea mashine iliyomo. Hapo saa haijaharibika, inaomba betri. Huku kwetu kuna dalili nyingine: asubuhi za Juni na Julai unaikuta imesimama mezani, ukiivaa ikapata joto la mkono inaondoka. Baridi hupunguza nguvu ya betri iliyochoka. Usijidanganye kwamba imepona. Na betri iliyokufa usiiache ndani miezi, itavuja na kula mashine.

Hatua ya 2. Osha kabla ya kufungua

Mswaki laini, pitisha kwenye ukingo wote wa mfuniko wa nyuma. Jasho, sabuni na vumbi la kiangazi hugandamana pale kama udongo wa tofali. Ukifungua bila kusafisha, ule uchafu unaangukia kwenye mashine, na punje moja ya mchanga chini ya mpira inatosha kupitisha maji.

Hatua ya 3. Fungua kwa njia ya mfuniko wenyewe

Mifuniko iko ya aina tatu. Wa skurubu nne, bisibisi ndogo inayoenea sawasawa. Wa kubana, tafuta kile kijinafasi cha kuingiza ncha ya kisu butu. Wa kuzungushia, una mikato pembeni na unataka ufunguo wake. Ukiwa haukukazwa sana, mpira wa kuchezea wa mtoto ukiukandamiza juu yake na kuzungusha unafungua vizuri tu. Koleo hapana. Naletewa saa zenye mikwaruzo mgongoni kama zimepigana na paka.

Hatua ya 4. Toa betri, soma namba

Namba ndiyo sheria. Ya kawaida kwenye saa za mishale ni SR626SW, ambayo wengine huiandika 377: upana milimita 6.8, unene 2.6. Dukani utauziwa LR626 au AG4 kwa bei ya chini, na inaingia bila shida kwa sababu umbo ni lile lile. Tofauti iko tumboni. Zenye SR ni za oksidi ya fedha, hutoa volti 1.55 na kuishikilia karibu mpaka mwisho. Zenye LR ni za alkali, huanza na 1.5 na kuteremka pole pole, na ni nyepesi kuvuja. Ukiona fundi anabadilisha kwa buku moja, mara nyingi umewekewa hii. Si wizi, lakini akuambie.

Zile bapa za saa za tarakimu husomeka zenyewe: CR2016 ni upana milimita 20, unene 1.6, volti 3. Kwa hiyo mwenye duka akikwambia "chukua CR2025, ni zile zile", unene wake ni 2.5 na mfuniko hautakaa.

Tumia kibanio cha plastiki. Cha chuma kinaunganisha pande mbili za betri na kuinyonya kabla haijaanza kazi. Vidole navyo vina mafuta. Na chunga koili, ule uzi wa shaba pembeni, mwembamba kuliko unywele. Mwaka wangu wa kwanza mezani bisibisi iliniponyoka ikaugusa mara moja tu. Saa ya mzee wa watu, zawadi ya kustaafu. Nililipa mashine nzima, na mzee hakusema neno, akanitazama tu. Ni afadhali angetukana.

Hatua ya 5. Mpira, na hapa ndipo pesa yako ilipo

Saa isiyoingiza maji haina uchawi. Ni chuma na kioo, na kila palipo na mwanya pana mpira: chini ya mfuniko, kwenye kile kitufe cha kuvutia mishale, kuzunguka kioo, na kwenye vitufe vya pembeni kama vipo. Mpira wa mfuniko umekaa miaka miwili mitatu umebanwa, umechukua sura ya mfereji wake. Ukiufungua na kuurudisha, haukai tena palepale. Ukiwa umelala bapa, umekakamaa, au una mpasuko unaouona ukiukunja, tupa. Nikisema tupa simaanishi upake grisi tuone.

Mpya upimwe kwa upana na unene, si kwa kukadiria macho. Mnene sana unabanwa na mfuniko na kukatika, mwembamba haugusi. Safisha mfereji kwa kijiti cha pamba, paka mpira grisi ya silikoni kidogo mpaka ung'ae tu, ulaze bila kuunyonga. Skurubu nne zikazwe kwa mshazari, moja kisha ya kona ya pili, kidogo kidogo, ili mfuniko ushuke sawa.

Anayesema anabadili mpira wakati hana kopo la mipira mezani, muulize anautoa wapi.

Hatua ya 6. Kufunga na kupima

Siku ya mvua kubwa hewa imejaa unyevu, na ukifunga saa unaufungia unyevu ndani. Mimi huiacha wazi chini ya taa dakika chache kwanza, nimeifunika kikombe cha kioo isipate vumbi.

Mashine yangu ya kupimia ni chupa nene yenye maji nusu. Saa inaning'inia juu ya maji, napampu hewa, nasubiri hewa iingie kama pana njia. Kisha naizamisha na kuachia presha taratibu. Vikitoka vipovu mfululizo, kuna tundu, na naona linakotoka. Saa inatolewa kabla presha haijaisha, maji hayajapata nafasi ya kuingia.

Huna mashine? Iweke saa kwenye kitu cha uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, robo saa. Dondoshea kioo tone la maji ya kawaida, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukitokea upande wa ndani, kuna unyevu umo. Ndivyo hata viwandani hukagua kama saa imeingiza maji. Ila elewa: kipimo hiki kinasema kama maji yameshaingia, hakikwambii kama yataingia kesho.

Nyongeza ya watu wa kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Saa iliyofungwa hapa ina hewa nyepesi ndani. Ukishuka Kyela, kule ziwani, hewa ya nje inaikandamiza kama vile umeizamisha mita moja na kidogo, na hujagusa maji bado. Mpira mzima hausikii hilo. Uliokufa unavuta hewa ya joto yenye unyevu, ukirudi jioni na baridi ya Uyole kioo kinalia. Mteja anakuja ameapa kwamba hakuogelea, na anasema kweli.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanachama wa Tukuyu: Fundi, yangu imeandikwa mita 30. Nimeogelea nayo Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, tena maji ya kifuani tu, imejaa maji. Kosa la fundi aliyebadili betri au la kiwanda?
Jibu: La maandishi, kama unataka kumlaumu mtu. Mita 30, au 3 BAR, ni presha ya maji yaliyotulia kwenye kipimo, saa ikiwa mpya. Mkono unaopiga maji na kujirusha ni habari nyingine. Hiyo ni ya mvua na kunawa. Kuogelea anzia 100. Kupiga mbizi ni zile za viwango vya kimataifa vya ISO 6425, na huandikwa wazi kuwa ni za wapiga mbizi.

Mwanachama wa Iringa: Kamwene fundi. Grisi ya silikoni sijaipata huku, mafuta ya mgando ya kujipaka yanafaa?
Jibu: Kamwene. Hayafai. Yametokana na mafuta ghafi ya ardhini, na baadhi ya mipira huvimba ikiyapata. Ulizia kwa wauza vifaa vya mabomba, grisi ya silikoni wanayopakia mipira ya koki inatosha.

Mwalimu, Mafinga: Shikamoo fundi. Casio F-91W, nimeweka CR2016 mpya mwenyewe, kioo cheupe kabisa. Nimeiua?
Jibu: Marahaba mwalimu. Hujaiua. Karibu na betri pameandikwa AC. Gusanisha sehemu hiyo na mgongo wa betri kwa kibanio cha chuma sekunde mbili, tarakimu zitarudi. (Hapa tu ndipo cha chuma kinaruhusiwa.) Na tazama sakafuni: mle ndani kuna springi ndogo ya mlio, hupenda kuruka mtu akifungua. Bila hiyo saa itaenda lakini haitalia.

Mwanachama wa Makambako: Saa yangu ni ya jua. Ilizima, fundi akatia betri ya kawaida, imekwenda wiki chache imezima tena.
Jibu: Saa ya jua hutumia betri inayochajiwa. Ya kawaida haikuumbwa kupokea chaji, inaweza kuvuja. Itoe leo. Inayofaa ni ghali na mara nyingi huagizwa, lakini kabla ya kununua weka saa kwenye mwanga wa dirishani siku mbili tatu, huenda ilikuwa na njaa tu.

Mama wa Njombe: Betri kuukuu unafanyia nini? Wangu wa miaka miwili ameshazoea kuziokota.
Jibu: Mama, hili si la mzaha. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ile iliyokwisha nguvu, na zile bapa za milimita 20 ndizo mbaya zaidi. Ukishuku amemeza, hospitali palepale, usisubiri aitoe chooni wala usimtapishe. Mimi nazifunga kwa selotepu pande zote mbili na kuziweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha.

Mwanachama wa Mbalizi: Naoga nayo maji ya moto kila asubuhi, ni ya mita 100. Kuna ubaya?
Jibu: Baridi ya huku naijua, lakini ivue. Moto na sabuni huzeesha mpira, na kutoka kwenye mvuke kwenda kwenye upepo wa nje hewa ya ndani inasinyaa, inavuta unyevu.

Mwanachama wa Soweto: Mwaisa, nimekuelewa yote. Kumi bado nyingi. Nifanyie saba.
Jibu: Saba inawezekana. Betri naweka, mpira mpya naweka. Kupima utapima mwenyewe Matema.