SOMO: Kumfinyanga mwanamke akikanda unga, kwa mtindo wa Boeotia

Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kuna kundi la sanamu ndogo za udongo kutoka Thebes, mji wa eneo la Boeotia katika Ugiriki ya kale, za kati ya mwaka 525 na 475 KK: wanawake wamejipanga wakikanda unga, mwenzao akiwapigia zumari. Si miungu wala mashujaa, ni watu kazini, na ndiyo maana nazipenda. Leo tutamfinyanga mmoja wao.

1. Chukua udongo wa mfinyanzi, toa vijiwe, tia mchanga laini kidogo, ukande vizuri.

2. Viringisha pande la urefu wa kiganja. Bana juu upate kichwa, bana tena upate pua. Uso usikusumbue.

3. Hapa ndipo penye kazi. Inamisha mgongo. Mtazame anayekanda unga wa chapati: nguvu inatoka mabegani, si vidoleni, na kiuno kinafuata. Mikono inyooke, izame kabisa ndani ya donge la unga. Ikiishia juu yake, mama huyo ataonekana anaomba dua. Kila kiungo kikwaruze pande zote mbili, paka uji wa udongo, kisha bandika.

4. Anika kivulini. Ukiigusisha shavuni na bado ina ubaridi, haijakauka. Choma kwa moto unaopanda polepole. Unyevu uliobaki huipasua. Wagiriki walitangulia kupaka udongo mweupe, wakachoma, ndipo wakatia rangi. Rangi hiyo haikupita motoni, kwa hiyo nyingi zimebanduka.

MASWALI

– Mwalimu, kwa nini tusitumie kalibu? Sanamu za Tanagra, mji mwingine wa Boeotia, zina mikunjo mizuri ya nguo.

Ni kweli, ila hizo za kalibu ni za baadaye, karne ya 4 na ya 3 KK. Ndani zina uwazi, na mgongoni zina tundu la kupitisha hewa. Hata kalibu huanza na sanamu iliyofinyangwa kwa mkono, ndugu yangu. Tuanzie hapo.

– Yangu imekatika mikono kabla hata ya kuichoma.

Pole. Mikono ni myembamba, hukauka na kusinyaa kabla ya kiwiliwili. Ifunike kwa kitambaa kibichi siku mbili za mwanzo.

– Naweza kujaribu kinyozi?

Jaribu! Ipo ya kinyozi na mteja wake katika jumba la makumbusho la Boston. Anza na mteja, ameketi, kichwa kimeinama kidogo. Akishakaa sawasawa ndipo umsimamishe kinyozi.