Kabla Hujahamia Nyumba ya Zamani Uswahilini

Nyumba ya zamani ya Dar es Salaam ikaguliwe masika. Dalali atakupeleka Januari au Agosti, jua linawaka, ukuta umepakwa chokaa juzi, uani kumefagiliwa, na kwa hali hiyo hata nyumba inayolala majini kila mwaka itaonekana ya kuhamia kesho. Ukiweza kusubiri hadi Aprili, subiri, uende mvua ikiwa inanyesha. Ukishindwa, nyumba yenyewe itasema, mradi ujue pa kutazama.

Anza na milango. Nyumba inayoingia maji huwa na kizingiti kilichoongezwa baadaye: matofali mawili matatu yaliyolazwa kwa saruji mbele ya fremu, pengine hadi kwenye mlango wa choo, ukiingia lazima uinue mguu. Hakuna ajengaye kitu kama hicho kwa urembo. Shuka chini ya ukuta: rangi ikiwa mpya mpaka usawa wa goti na kuukuu kuanzia hapo kwenda juu, pana mstari wa maji umefunikwa. Ukikuta friji ya mpangaji imepandishwa juu ya bloku, umeshajibiwa bila kuuliza. Halafu toka usimame barabarani uiangalie nyumba. Katika mitaa mingi ya zamani barabara imemwagiwa kifusi juu ya kifusi, mwisho ikaja lami, nyumba zikabaki pale pale zilipojengwa, na leo unateremka ili uingie sebuleni. Dawa yake ni kuinua jamvi, yaani sakafu ya zege, lakini jamvi likipanda dari linakaribia kichwa, na milango yote inakatwa au inabadilishwa. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kupatana bei.

Kuna mahali ambapo hata jamvi halisaidii. Bonde la Msimbazi kuanzia Kigogo hadi Jangwani, na kingo za Mto Ng'ombe kule Tandale, bei zake zinavutia kwa sababu inayojulikana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na waliookolewa mabondeni wengi wakapewa viwanja Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo usinunue kwa kuambiwa "mbona wengine wapo." Hifadhi ya barabara nayo haina huruma: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilikwenda chini kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, ikipakwa chokaa juu yake huwa bado inaonekana kwa mbali jua likipiga ukuta upande. Waulize majirani wa pande zote mbili, na uwaulize dalali akiwa hayupo.

Ukiridhika na maji ya chini, nenda kwenye maji ya juu. Ingia kila chumba saa sita mchana, funga mlango na dirisha, kaa kimya dakika moja macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nyota utakayoiona ni tundu la msumari. Matundu machache yanazibika, lakini bati lililoliwa na kutu kwenye mapindo, hasa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, ni la kubadilisha lote. Ukibadilisha, kumbuka kuwa namba ya geji ikipungua bati linanenepa: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na tofauti utaiona baada ya miaka, si siku ya kupaua. Kabla ya kununua bati hata moja, fundi apande akague kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Mbao ikimeza bisibisi kama andazi, mchwa wameshamaliza kazi, na bati jipya juu ya kenchi hiyo ni pesa iliyotupwa. Nyumba za zamani zaidi zina boriti za mikoko badala ya mbao. Usizidharau, nyingi bado ni ngumu kuliko mbao za leo. Paa likiwa la asbesto, kama zilivyo baadhi ya kota za zamani, lisivunjwe kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno, maana vumbi lake linaharibu mapafu. Hapo tafuta wanaojua kuliondoa zima zima.

Kuta zinadanganya kuliko paa. Nyumba nyingi za Kiswahili zilizoanza kwa miti na udongo zilivalishwa lipu ya saruji baadaye, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na za bloku. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini. Mlio ukiwa wa debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Saruji inafungia unyevu ndani, udongo unalegea nyuma yake, fito zinaoza au zinaliwa, na ukuta unaendelea kusimama kwa mazoea tu. Kuuongezea lipu nyingine ni kuuongezea mzigo. Nyumba za bloku zina ugonjwa wa aina yake: rangi inavuliwa na unga mweupe unaotoka kila baada ya mvua. Hiyo ni chumvi, ama kutoka ardhini ama kutoka mchanga wa pwani uliofyatuliwa matofali, na hakuna rangi ya duka lolote itakayoishinda kama unyevu wa chini haujazuiwa. Kama lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imepasuka na nondo zinaonekana zimevimba kutu, muite fundi mwashi mzee, siyo kijana wa kulainisha ukuta kwa skimu.

Sasa uani, ambako watu hukagua kwa dakika moja kwa sababu ya harufu. Nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande na korido katikati, choo chake kipo nyuma, na kwa miaka yote hiyo shimo likijaa lilikuwa linafukiwa na kuchimbwa jingine pembeni. Maana yake ni kwamba uani mnaweza kuwa na mashimo matatu au manne yaliyofunikwa kwa zege jembamba na kusahauliwa na wote isipokuwa mpangaji mkongwe. Mtafute huyo akuonyeshe kila moja lilipo, kabla hujapitisha lori la mchanga au kuweka nguzo ya jiko jipya. Kisha pima kichochoro. Gari la majitaka linahitaji kusogea karibu kiasi mpira wake ufike, na nyumba ambayo mpira haufiki ndiyo ambayo watu huishia kutapisha choo usiku wa mvua kubwa, kinyesi kikaenda kwa jirani wa chini. Ukiwa na mpango wa choo cha kuvuta, unahitaji karo la kupokea majitaka chini ya ardhi, na karo linahitaji nafasi. Kisima cha uani kilicho hatua chache kutoka mashimo hayo kisitumike kwa kunywa, hata kama maji yake yanang'aa.

Maji ya bomba ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukikauka kama ulivyokauka mwishoni mwa 2022, mgao unawafika wote, wenye jina na wasio na jina. Waulize wanawake wa mtaa huo, siyo mwenye nyumba, maji hutoka siku gani na saa ngapi. Wao ndio wanaoamka saa tisa usiku kukinga. Hakikisha DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hawaidai nyumba bili ya zamani. Tenki la lita 1,000 litaitosha familia ya watu watano siku nne kwa kubana, lakini likijaa lina uzito wa tani moja, na hakuna ukuta wa zamani unaostahili kubebeshwa tani moja. Lijengewe mnara wake, na msingi wake, mbali na mashimo tuliyoyataja.

Umeme una mtego mdogo na mtego mkubwa. Mdogo ni huu: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Usiponunua umeme deni linasubiri. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima inaweza kumeza 18,000 kabla haijakupa uniti moja, kwa hiyo omba namba ya mita na ununue kidogo uone kinachorudi. Mtego mkubwa upo ndani ya ukuta. Fungua soketi moja ya chumba cha mbele na ukunje waya taratibu. Gamba lake likikatika na kudondoka, wayaringi yote imezeeka. Nyumba iliyofungwa umeme kwa ajili ya taa sita na redio leo ina friji tatu, pasi na birika za umeme, kila chumba na vyake, vyote kwenye meni switchi moja. Hapa usibane matumizi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na usikubali akumalizie kazi bila waya wa ardhi.

Karatasi nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu nyumba ikishindwa hayo ya juu hakuna haja ya kufungua faili. Zikifunguliwa, jambo la kwanza ni mirathi. Nyumba nyingi za Ilala, Kariakoo na Temeke zinazouzwa ni za marehemu, na anayekuonyesha vyumba ni mtoto aliyebaki na funguo. Taka kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha taka kuwaona warithi wenyewe, pamoja na yule aliyeolewa Tanga na yule aliyeko Muscat ambaye eti "hana neno." Muuzaji akiwa hai na ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hati ikiwepo, usitazame jina peke yake, tazama na miaka iliyobaki: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na za zamani zinaelekea ukingoni. Leseni ya makazi siyo hati; ni ya muda mfupi na inahuishwa. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri wa kuwa mliuziana, basi, haithibitishi kuwa aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza. Utafutaji rasmi wa nani ni mmiliki ufanyike kwenye ofisi za ardhi. Kazi ikizidi kupaka rangi na kuziba matundu, kama kuongeza chumba au kubadilisha ramani, omba kibali cha ujenzi halmashauri, ambayo kwa eneo la Ilala tangu 2021 ni Halmashauri ya Jiji.

Nyumba ya namna hii haiji tupu. Ina wapangaji, wengine wamelipa miezi sita mbele, na pengine kuna bibi wa chumba cha uani ambaye watoto wa mtaa mzima amewapokea mikononi. Jua nani amelipa hadi lini, nani alimlipa, na makubaliano hayo yaandikwe kabla fedha yako haijatoka. Kumtoa mtu kwa kung'oa bati la chumba chake, jambo ambalo bado linafanyika, kutakuharibia mtaa kwa miaka mingi. Na baraza la mbele lina wenyewe. Kuna wazee wa bao wa jioni, na mama wa chapati anayewasha jiko la mkaa saa kumi na moja alfajiri pale pembeni. Ukijenga ukuta wa futi nane na geti la chuma mbele ya nyumba yako siku ya kwanza, hakuna atakayekukataza, ila siku mwizi akiruka ukuta huo saa nane mchana hakutakuwa na jicho nje la kumwona. Mimi ningeacha baraza, nikaweka dari na milango imara kwa ndani.

Nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Ulizia siku za gari la taka na ada yake. Turubai la msiba litafunga njia siku ambayo lori lako la kokoto limepangwa kuja, na hapo lori ndilo linalosubiri. Toa rambirambi, kaa kwenye jamvi kidogo, mafundi warudi kesho. Muziki wa kigodoro utakesha mara kadhaa kwa mwaka, na kama huwezi kabisa, ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa.

Kwa mafundi, ushauri wangu ni mfupi. Nunua vifaa mwenyewe, ufundi ulipwe kwa hatua, na pesa ya kula ya kila siku iandikwe ili isigeuke ugomvi wa mwisho. Saruji iagizwe ya siku mbili tatu, kwa sababu mfuko ukilala kwenye unyevu unakuwa jiwe. Milango ya zamani ya mninga au mvule fundi atakuomba aondoke nayo kama "mbao mbovu". Mkatalie, irandwe na kutiwa bawaba mpya, kisha irudishwe. Mchanga unaomwagwa barabarani uingizwe ndani siku hiyo hiyo, watoto hawajaugeuza kiwanja, na njia ya bodaboda ibaki wazi upana wa kupita mgonjwa.