Kabla hujamnunulia mgonjwa wa sukari protini baa, geuza pakti kwanza

Mwaka jana mama alikuwa anasafiri na basi kutoka Dar kwenda Mbeya, ana kisukari aina ya pili miaka mingi sasa, na mi najua kabisa njiani basi linasimama dakika chache halafu chakula cha haraka pale ni chipsi na soda, kwahiyo nikapita supamaketi nikamchukulia protini baa tatu. Pakti imeandikwa kwa herufi kubwa haina sukari iliyoongezwa, protini nyingi, kuna picha ya tende na karanga, nikajua hapa nimemaliza kazi. Amefika Morogoro kala moja, baada ya saa mbili kapima, mashine ikasoma 15.2 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L) wakati asubuhi alitoka nyumbani na 7.1. Akanipigia, "mwanangu umenipa nini hiki?" Iliniuma sana yaani, kwa sababu nilimpa kwa upendo na bila kusoma. Tangu siku ile sinunui baa mpaka niwe nimepitia mambo haya, na naandika kwa mtu yeyote mwenye mzazi, mtoto au mwenza mwenye sukari, au mwenyewe anayo.

Kabla hata hujafika dukani jiulize hiyo baa ni ya kazi gani. Kama ni kitu cha kushikilia tumbo katikati ya mlo na mlo, sawa. Kama ni ya kubeba safarini mlo ukichelewa, sawa pia. Ila kama unaiweka kwenye mkoba kwa ajili ya siku sukari ikishuka, hapana, na hili naomba ulisome taratibu maana nshakutana na watu wengi wanakosea hapa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mwili unahitaji sukari inayoingia haraka, kama gramu 15 hivi, yaani vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji au kama mililita 150 za soda ya kawaida (siyo ile ya zero, ile haina kitu), unasubiri dakika 15 unapima tena, bado iko chini unarudia. Baa ina protini na mafuta ndani yake na hivyo vinachelewesha chakula kutoka tumboni, sasa mtu anatetemeka jasho linamtoka we unampa atafune kitu ambacho sukari yake itafika damuni amechelewa. Baa inaweza kuja baadaye, sukari ikishapanda na mlo bado uko mbali. Na kama mtu hajitambui usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Wanaotakiwa kuwa makini zaidi hapa ni wanaochoma insulini na wanaomeza dawa za kundi la glibenklamidi, anayemeza metformini peke yake ni mara chache sana ishuke hivyo.

Jambo lingine la kabla ya duka ni figo. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu figo polepole na mtu hasikii chochote mpaka imeshafika mbali, kwahiyo ukienda kliniki ya sukari uliza moja kwa moja, figo zangu zikoje, mkojo ulipimwa protini lini, damu ilipimwa kreatinini lini. Mtu ambaye figo zimeanza kuchoka na hayuko kwenye kusafishwa damu mara nyingi anaambiwa protini ya siku nzima isizidi kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, maana yake mtu wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku nzima, na hapo kuna maharage, kuna samaki, kuna maziwa. Baa moja yenye gramu 20 imekula karibu nusu. Kwa huyo mtu neno protini nyingi kwenye pakti siyo sifa hata kidogo, na aongee na daktari kwanza kabla ya kufanya baa kuwa tabia. Mama yangu figo zake bado nzuri, namshukuru Mungu, ila kila baada ya miezi kadhaa tunauliza.

Haya sasa uko dukani, umeshika pakti. Igeuze. Kitu cha kwanza tafuta kale kajedwali halafu uangalie mstari wa kabohaidreti, yaani wanga wote, usianze na mstari wa sukari. Watu wanasoma sukari gramu 2 wanafurahi wanaweka kwenye kikapu, kumbe wanga ni gramu 25, na wanga mwingi ukishafika ndani unageuka sukari ile ile. Ili upate picha, slaisi moja ya mkate ina kama gramu 15 za wanga, kwahiyo baa yenye 15 umekula slaisi moja, yenye 30 umekula mbili, na kwa kitafunio cha katikati mi simpi mama kitu kinachozidi hiyo slaisi moja. Alafu hakikisha namba unayosoma ni ya baa nzima, maana kuna pakti zinaandika kwa gramu 100 wakati baa ni gramu 60, na nyingine zinaandika kwa kipande kumbe pakti ina vipande viwili, hapo unazidisha.

Kuna kitu hapa kinachanganya hata wasomi, na nilikielewa baada ya kukaa na pakti mbili mezani kama mtu anafanya mtihani. Pakti za Marekani na pakti za Uingereza na Ulaya hazihesabu wanga kwa namna moja. Ile ya Marekani kabohaidreti jumla imeshajumlisha na nyuzinyuzi humo humo, utaona mstari wa nyuzinyuzi umeingizwa ndani kidogo chini ya kabohaidreti, kwahiyo ikiandika kabohaidreti 24 na nyuzinyuzi 10, unaopandisha sukari ni kama 14. Ile ya Uingereza nyuzinyuzi wameshazitoa tayari, wameziandika kwenye mstari wake pembeni, wakisema kabohaidreti 14 ni 14 kweli. Sasa mtu kasoma kwenye simu kwamba toa nyuzinyuzi, anachukua ya Uingereza anatoa 10 kwenye 14 anapata 4, na kama ni mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anayepigiwa hesabu ya insulini kwa gramu za wanga, amechomewa dozi ya gramu 4 wakati kala 14. Kwetu huku baa zinatoka kila upande, shangazi kaleta kutoka London, jamaa kaleta kutoka Marekani, nyingine ziko pale pale dukani, kwahiyo kwanza jua pakti inatoka wapi ndo upige hesabu.

Baada ya hapo shuka kwenye orodha ya vilivyomo. Vinaandikwa kwa uzito, cha kwanza ndo kingi kuliko vyote, kwahiyo vitatu vya mwanzo vinakwambia baa ni nini hasa. Ukikuta karanga, lozi, protini ya maziwa au ya soya mwanzoni, endelea kusoma. Ukikuta shira ya glukosi, dekstrozi, maltodekstrini, shira ya mchele, asali au tende mwanzoni, rudisha, na ile maltodekstrini haina hata ladha ya utamu ila inapandisha sukari haraka kuliko sukari ya mezani, kwahiyo ulimi hauwezi kukusaidia. Ile baa ya mama ilikuwa tende kwanza. Kwenye tende kavu zaidi ya nusu ya uzito ni sukari, hawakuongeza sukari ni kweli, kwa sababu tende zenyewe zimetosha. Tende ni tunda la heri na futari inafunguliwa kwa tende, simkatazi mtu, lakini tende moja ya kufungulia ni kitu kimoja na tende sita zimesagwa zikabanwa zikavalishwa pakti ni kitu kingine. Na zile za karanga na asali kiukweli ni kashata, tofauti ni pakti na bei, na hakuna mtu angemchukulia mama yake mwenye sukari kashata tatu za safari.

Kwenye hiyo orodha utakutana pia na vitamu vinavyoitwa polioli, ndivyo vinavyofanya pakti iandike haina sukari huku baa ni tamu. Havifanani. Eritritoli (namba yake E968) haipandishi sukari karibu kabisa, lakini maltitoli (E965) inapandisha, siyo kama sukari kamili ila inapandisha, na baa nyingi zenye ganda la chokoleti zinatumia hiyo hiyo. Hesabu ambayo wataalamu wengi wa lishe wanafundisha ni kuchukua nusu ya gramu za polioli uihesabu kama wanga, kwahiyo baa ya wanga 22 ambayo 14 kati yake ni maltitoli unatoa 7 tu, inabaki 15. Usitoe zote. Majina hayo kwenye pakti yameandikwa kwa Kiingereza, erythritol na maltitol, ndo maana nimeweka na namba za E. Halafu polioli zinavuruga tumbo, gesi na kuharisha, na mwenye metformini ambayo yenyewe inavuruga tumbo akila baa mbili za namna hiyo ndani ya basi lisilosimama, nadhani unaelewa.

Protini yenyewe sina maneno mengi, gramu 10 mpaka 15 kwa kitafunio inatosha kabisa, siyo lazima 20 na kitu kama mtu anayebeba vyuma jimu. Kama iliyotumika ni kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) peke yake ujue siyo protini kamili. Mafuta angalia yale yanayoganda, baa nyingi zina mafuta ya mawese ndani ya ganda lake, na wenye sukari wengi wana presha pia kwahiyo tupia jicho na chumvi. Mwenye mzio wa karanga au maziwa asome mara mbili.

Pakti ikiandikwa salama kwa wenye kisukari, hayo maneno yasikufanye uache kusoma nyuma. Diabetes UK, shirika la kisukari kule Uingereza, wanawaambia watu wao wazi wasinunue vyakula vilivyoandikwa ni vya wagonjwa wa kisukari, kwa sababu bado vinapandisha sukari, vina mafuta na kalori nyingi na bei iko juu. Na zile za kutengeneza nyumbani zinazouzwa mtandaoni au jimu zimefungwa kwenye nailoni bila lebo yoyote, mi siwezi kumpa mgonjwa, hata kama muuzaji ni mtu mzuri, kwa sababu huwezi kupiga hesabu ya kitu ambacho hukijui. Muulize kaweka nini na kiasi gani, akikujibu "asali kidogo tu", kidogo ni ngapi? Chakula Tanzania tangu 2019 kiko chini ya TBS (shirika la viwango), siyo tena TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa), kwahiyo mzalishaji wa hapa nyumbani mwambie akuoneshe alama yake.

Ukishachagua, usiibebe safari siku hiyo hiyo. Ijaribu nyumbani siku tulivu. Pima, kula nusu, pima tena baada ya saa mbili. Wengi wanaambiwa isizidi 10 muda huo, ila namba ya kwako anakupa daktari wako. Na kwa kuwa baa ina mafuta na protini sukari inaweza kupanda kwa kuchelewa, kwahiyo hasa mwenye insulini apime na saa ya tatu au ya nne, najua stripu ni ghali, lakini ni kwa siku hiyo moja ya kuijua baa, siyo kila siku. Andika kwenye daftari jina la baa, nusu au nzima, namba ya kabla na ya baada. Mwili wa mama haufanani na wa mjomba wake, baa ile ile mmoja inampandisha mbili mwingine inampandisha tano.

Na kabla hujalipa fikiria kama unaihitaji kweli. Yai moja la kuchemsha lina gramu 6 za protini na wanga hauzidi gramu moja, mayai matatu yamefika 18 na bei yake iko chini ya baa. Karanga za kukaanga zisizo na sukari, kiganja kimoja kama gramu 30, unapata protini 7 hivi na wanga kama 5. Mama safari zake siku hizi anabeba mayai mawili, karanga kwenye kikopo, nusu baa ambayo tumeshaijua, na kwenye mfuko wa mbele wa mkoba kuna sukari imefungwa kwenye karatasi pamoja na chupa ya maji, hiyo ya ikishuka, na jirani wa siti anaambiwa kabisa ilipo.

Ile pakti ya baa mliyoizoea ipige picha upande wa nyuma uitunze kwenye simu, maana kampuni zinabadilisha mchanganyiko bila kubadilisha sura ya pakti, kila ukinunua nyingine linganisha kabla haijafunguliwa.