Soma jina la ugonjwa kuanzia mwisho

Ukikutana na neno refu kwenye majibu ya hospitali, anza na mwisho wake. Kiishio cha Kigiriki -itis hueleza kuvimba, -ectomy ni kukata na kuondoa. Kisha rudi mwanzoni utafute kiungo: hepat- ni ini, gastr- tumbo, nephr- figo. Basi nephritis ni figo kuvimba, nephrectomy ni kuondolewa figo. (Figo ina na jina la Kilatini, ren, ndiyo maana utaona pia renal.)

Kuwa makini zaidi na hyper- na hypo-. Hyperglycemia ni sukari ya damu kupanda, hypoglycemia ni kushuka, na matibabu yake yanapingana kabisa. Zisome taratibu, herufi kwa herufi, na ukisita muulize daktari palepale.