Kupanga njia ya usanisi kwa AiZynthFinder: anzia kwenye kabati lako

AiZynthFinder ni programu huria kutoka AstraZeneca. Huichukua molekuli unayoitaka, huivunja kwa kurudi nyuma, na husimama inapofikia kemikali zilizomo kwenye orodha ya akiba. Orodha hiyo ndiyo inayoamua kama njia utakayopewa inatekelezeka, na wengi huiacha ilivyo.

1. Katika mazingira mapya ya Python 3.10, andika `pip install "aizynthfinder[all]"`, kisha `download_public_data data`. Utapata modeli zilizofunzwa kwa hataza za Marekani, akiba ya ZINC (hifadhidata ya kemikali zinazouzwa) na faili la mipangilio la `config.yml`.

2. Weka SMILES ya molekuli (muundo wake ulioandikwa kama mstari wa herufi) kwenye `lengo.txt`. Parasetamoli ni `CC(=O)Nc1ccc(O)cc1`. Kama ni chumvi, bakiza molekuli kuu tu.

3. Tengeneza akiba yako. ZINC ina vitu vingi ambavyo maabara ya kawaida haitaviagiza kamwe. Orodhesha kemikali za kabatini, SMILES moja kwa kila mstari, kisha:

`smiles2stock --files kabati.smi --output kabati.hdf5`

Iongeze chini ya `stock` kwenye `config.yml` kwa jina `kabati`. Ulinganishaji hutumia InChIKey (kitambulisho kinachokokotolewa kutoka kwenye muundo wa molekuli), hivyo ukisahau alama za `@` kwenye molekuli yenye mkono wa kulia au kushoto, programu itasema huna kitu ambacho kipo rafuni.

4. Endesha:

`aizynthcli --config data/config.yml --smiles lengo.txt --stocks kabati`

Njia isipopatikana, ongeza `time_limit` na `iteration_limit` chini ya `search`. Bado ikigoma, rudisha ZINC uone ni kemikali ipi inayokosekana.

5. Kagua kila hatua kwa kemia yako mwenyewe. Njia "iliyotatuliwa" maana yake ni kwamba malighafi zote zimo akibani, basi. Hakuna ahadi kwamba mmenyuko utafanyika. Programu haikupi kiyeyushi, joto wala muda.

Kwa parasetamoli, ikikupa 4-aminofenoli na kloridi ya asetili, anhidridi ya asetiki ni mbadala mpole zaidi: gramu 1.09 za aminofenoli (mmol 10) kwa takriban ml 1.04 za anhidridi (mmol 11), na mavuno ya juu kabisa kinadharia ni gramu 1.51. Amini (kikundi cha NH2) hushambulia kabla ya fenoli (kikundi cha OH). Ukizidisha anhidridi, hasa penye besi, oksijeni ya fenoli nayo hupata asetili na utabaki na mchanganyiko. Onyo hilo hulioni popote kwenye mchoro wa njia.