Breki za nyuma: diski au dramu?
Chungulia kwenye nafasi za rimu ya nyuma: ukiona bamba la chuma linalong'aa, hiyo ni diski, ukiona chuma kilichofunikwa mithili ya sufuria, hiyo ni dramu. Magari mengi madogo yana diski mbele na dramu nyuma, na mpangilio huo si kasoro, kwa sababu gari linapofunga breki uzito huelemea mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Tofauti hujitokeza kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil, magharibi mwa Kenya. Diski iko wazi na upepo huipoza, ilhali dramu hufungia joto ndani, na inapopata moto hutanuka ikajitenga na viatu vya breki (vipande vinavyoisugua kwa ndani ili gurudumu lisimame), hivyo pedali huzama zaidi kabla gari halijashikika. Teremka kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo. Ushauri huu nausisitiza hata kwa mwenye diski pande zote.

Maji nayo hukawia kukauka ndani ya dramu. Ukivuka barabara iliyofurika uwanda wa Kano, endesha polepole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo hadi zishike.

Wakati wa matengenezo, mwombe fundi aifungue dramu na kupima unene wa viatu, kwa kuwa, tofauti na pedi (vipande vinavyobana diski), kwa kawaida huwezi kuviona kutoka nje.