Mambo ya kuzingatia kabla ya kucheza na chipu chache katika mashindano ya poka

Katika mashindano ya Texas Hold'em yasiyo na kikomo cha dau, mchezaji huhesabiwa kuwa na chipu chache akiba yake inaposhuka chini ya blaindi kubwa 20 hivi (blaindi ni madau ya lazima, moja dogo na moja kubwa, ambayo wachezaji wawili huweka kabla karata hazijagawiwa), na ikifika 10 hana tena nafasi ya kujaribu hiki na kile. Maamuzi ya wakati huo hufanywa kwa sekunde chache huku moyo ukienda mbio, kwa hiyo mengi yanapaswa kuwa yameamuliwa kabla ya kuketi mezani.

Soma kwanza ratiba ya mashindano ujue kila ngazi ya blaindi hudumu dakika ngapi, na ante, yaani dau jingine la lazima, hulipwa na nani. Pale ambapo mwenye blaindi kubwa hulipa pia ante inayolingana nayo, mzunguko mmoja wa meza hukugharimu blaindi kubwa 2.5, yaani blaindi kubwa yenyewe, nusu yake kwa blaindi ndogo, na ante. Mwenye akiba ya blaindi kubwa 10 anaweza basi kustahimili mizunguko 4 tu, tena ikiwa ngazi haipandi katikati. Kipimo hiki ndicho Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, alichokieneza kwa jina la M, na kila mshiriki anapaswa kuweza kukikokotoa kichwani.

Jambo linalohitaji mazoezi zaidi ni kuacha mazoea ya kupandisha dau kidogo kisha kutupa karata. Tuseme una blaindi 10, ukapandisha hadi 2.5, na mtu asiye kwenye blaindi akakujibu kwa kuweka 10. Mezani sasa pana 15, nawe unatakiwa kuongeza 7.5 zilizobaki, hivyo unahitaji kushinda mara 1 tu kati ya 3 ili usipate hasara, na karata nyingi zinafikia kiwango hicho. Kama ni lazima uendelee, ni heri kuweka zote tangu mwanzo, kwa sababu wenzako wote wakitupa karata unapata zile 2.5 za blaindi na ante bila kushindana, na akiba yako inakua kwa robo nzima.

Nguvu hiyo ya kuwafanya wengine watupe karata ndiyo mali halisi ya mwenye chipu chache, na hupotea kabla chipu zenyewe hazijaisha. Watu hupenda kumtaja Jack Straus, aliyebakiwa na chipu moja ya 500 katika World Series of Poker ya 1982 huko Las Vegas, akaishia kuwa bingwa. Ni tukio la kusisimua kweli, lakini naona limewafundisha wengi kungoja mno, maana mwenye blaindi 2 hamtishi mtu yeyote.

Andaa pia orodha ya karata za kuingia nazo kwa kila nafasi. Ukiwa wa kwanza kuamua kwenye meza ya watu 9, wanane wako nyuma yako. Ukiwa kwenye nafasi ya mgawaji, wamebaki wawili tu. Usidanganyike na ree yenye mwenza dhaifu: ree na tano ikikutana na ree na mfalme hushinda takriban mara 1 kati ya 4, ilhali tisa na nane za kopa hupata karibu asilimia 40 dhidi ya ree na mfalme hao hao.

Mwisho, jua ni nafasi ngapi zinazolipwa. Ikiwa wanalipwa 9, mmebaki 10, na kuna mwenye blaindi 1 ambaye zamu yake ya kulipa blaindi imewadia, mwenye blaindi 8 ana haki ya kutupa hata ree na kumi pale mwenye chipu nyingi kumzidi anapoweka zote, kwa kuwa chipu anazoweza kupoteza hapo zina thamani kubwa kuliko zile anazoweza kuzipata.